Fotoni Sitini: Tuliyojifunza Katika Kuchunguza Nebula za Sayari kwa Eksirei

Picha ya kwanza huvunja moyo. Macho yamezoea nebula za sayari kama zilivyopigwa na darubini ya Hubble, pete za kijani na nyekundu zenye nyuzi na mafundo. Kisha unafungua faili la data ya Chandra, darubini ya eksirei iliyoko angani, kwenye programu ya ds9, na kinachokuja ni vidoti vilivyotapakaa gizani, kumi hapa, vitatu pale, wala huoni nebula yenyewe iko wapi. Kila kidoti ni fotoni moja ya eksirei. Darubini imeikazia macho sehemu hiyo kwa saa 14, na hizo ndizo zote zilizoingia.

Nebula iliyotoa fotoni 60 ni ya kawaida kabisa katika fani hii. Kwa hiyo kazi yote inayofuata, miezi yake yote, ni kuuliza fotoni hizo chache zimetoka wapi hasa, bila kuzilazimisha ziseme zaidi ya zilichobeba. Makosa tutakayoyaeleza hapa tumeyafanya sisi wenyewe au tumeyakuta kwenye kazi tulizopewa kuzipitia, na mengi yameanzia hapo hapo: mtu amezichukua fotoni 60 akazitendea kama 60,000.

Kwanza, eksirei inatoka wapi? Nebula hizi hazihusiani na sayari. William Herschel ndiye aliyezipa jina hilo katika karne ya 18, kwa sababu kwenye darubini yake zilionekana kama viduara hafifu mfano wa sayari. Ukweli ni kwamba nyota yenye uzito wa kati ya mara 1 na mara 8 ya Jua, ikifikia uzee, hutoa gesi nyingi kwa upepo wa polepole, kilomita 10 hadi 20 kwa sekunde. Gesi hiyo ikiisha kuondoka, kiini cha moto kinabaki wazi na kuanza kuvumisha upepo mwingine, mwembamba lakini wa kasi ya kilomita 1,000 kwa sekunde au zaidi. Mwaka 1978 Kwok, Purton na FitzGerald walieleza jinsi upepo wa pili unavyoufukuzia ule wa kwanza na kuusukuma uwe ganda linalong'aa. Mahali upepo wa kasi unapogonga, gesi inapashwa moto sana na kujaa ndani ya ganda kama kiputo. Kiputo hicho ndicho tunachokitafuta.

Hesabu ya joto lake ni rahisi, na hapo ndipo mtego wa kwanza ulipo. Upepo wa kilomita 1,000 kwa sekunde ukigonga na kusimama huipa gesi joto la takriban kelvini milioni 14, na joto hukua kwa mraba wa kasi. Upepo wa kilomita 1,700 unapaswa kutoa milioni 40. Ukitegemea hesabu hiyo utakata data yako kwenye bendi ya kawaida ya keV 0.5 hadi 7 (keV ni elektronivolti elfu moja, kizio cha nishati ya fotoni), ambayo programu nyingi huianza nayo zenyewe. Lakini viputo vilivyopimwa vina joto la kelvini milioni 1 hadi 3 tu. Mwanga wao uko chini, kati ya keV 0.3 na 1 hivi. Anayeanzia 0.5 ametupa sehemu kubwa ya mavuno yake kabla hajayaona, kisha akaongeza mandharinyuma ya bure, yaani fotoni zisizo za nebula, kutoka keV 2 hadi 7, ambako kiputo hakina kitu. Siku hizi hatua yetu ya kwanza kabisa ni kukata faili upya kwa `dmcopy`, bendi ya 300 hadi 2000 (CIAO, programu ya kuchakata data ya Chandra yenye amri hii, hupima nishati kwa elektronivolti). Mara nyingi nebula iliyokuwa haionekani hujitokeza kwa hatua hiyo moja.

Kwa nini viputo vina joto dogo kuliko hesabu? Maelezo yanayotajwa zaidi ni mawili. Huenda joto linapita kwa elektroni kutoka kwenye kiputo hadi kwenye ganda baridi, likaivukiza gesi ya ganda na kuiingiza ndani. Steffen na wenzake walilifanyia hilo kazi ya kina mwaka 2008. Au gesi mbili zinachanganyika kwa msukosuko kwenye ukuta wa kiputo, kama Toalá na Arthur walivyoonyesha kwa kompyuta. Njia zote mbili zinaweza kufanya kazi pamoja. Usichague upande kabla ya kuona kemia ya kiputo, tutaifikia.

Sasa kuhusu kuchagua shabaha. Nebula zinazojulikana katika Njia Nyeupe ni zaidi ya 3,000, na anayeanza huvutwa na zile zenye picha nzuri. Uzuri wa picha hausemi lolote kuhusu eksirei. Mradi wa ChanPlaNS, ulioichunguza kwa Chandra jamii ya nebula zilizo ndani ya takriban kiloparseki 1.5 kutoka kwetu (parseki moja ni karibu miaka ya nuru 3.26), ulitupa mwongozo bora: viputo vya joto vilionekana katika takriban theluthi moja ya nebula, na karibu zote zilikuwa changa, ndogo, zenye ganda lililofungika. Vyanzo vya nukta katikati, yaani kwenye nyota yenyewe, vilipatikana kwa karibu nusu. Nebula kubwa, iliyopanuka na kupasuka kuta, kiputo chake kimeshapoa au kimevuja. Ukitaka kiputo, tafuta ganda lenye nusu kipenyo chini ya parseki 0.15 hivi. Ukitaka kuchunguza nyota, nebula kubwa zinafaa vilevile.

Kabla ya kuandika ombi lolote la muda wa darubini, fanya ukaguzi wa aina tatu. Hauchukui zaidi ya siku mbili, na ulikuwa na uwezo wa kutuokolea miezi.

Je, ni nebula ya sayari kweli? Ziko nyota pacha za aina ya simbiotiki (moja hunyonya gesi ya mwenzake) na nebula za nyota za Wolf-Rayet (nyota nzito zenye upepo mkali) zinazofanana nayo kwa sura, nazo hutoa eksirei kwa sababu tofauti kabisa. Hifadhi ya HASH ya Chuo Kikuu cha Hong Kong huorodhesha zilizothibitishwa na zinazotiliwa shaka.

Vumbi na gesi njiani ni kiasi gani? Eksirei laini hufyonzwa upesi. Chukua wekundu uliopimwa kwenye mwanga wa kawaida, E(B−V), uuzidishe kwa 5.8 × 10²¹ upate atomi za hidrojeni kwa sentimita ya mraba. Wekundu wa 0.3 unatoa 1.7 × 10²¹, na hiyo bado inapitika. Ukikuta wekundu wa 1 au zaidi, fotoni za chini ya keV 0.5 karibu zote zimezimwa njiani, na kiputo cha kelvini milioni 1.5 hutakiona hata ukikaa wiki. Kumbuka pia kwamba wekundu si lazima uwe sawa kila mahali. NGC 7027 imejaa vumbi lake yenyewe, na eksirei yake inaonekana vizuri upande wa kaskazini-magharibi ambako vumbi ni haba. Anayeisoma picha hiyo bila ramani ya vumbi atadhani kiputo chenyewe kimeelemea upande mmoja.

Na umbali? Kwa miongo mingi hili lilikuwa donda ndugu la nebula za sayari. Mwangaza halisi hupatikana kwa mraba wa umbali, kwa hiyo kosa la asilimia 30 kwenye umbali linakupa mwangaza uliozidi kwa asilimia 69. Satelaiti ya Gaia imetusaidia sana tangu matoleo yake ya 2018 na kuendelea, lakini imeleta kosa jipya: kuchukua paralaksi (msogeo mdogo wa nyota unaotumika kupima umbali) ya nyota isiyohusika. Kwenye nebula iliyo katikati ya msongamano wa nyota, ile inayong'aa karibu na kitovu si lazima iwe mama wa nebula. Nyota ya kweli ni ya buluu sana. Angalia rangi kabla ya kunakili nambari. Na kama ina mwenzi anayeizunguka, mwendo huo unaweza kuipotosha paralaksi, basi usiupuuze ule upimaji wa ubora ambao Gaia huuandika kando ya kila nyota.

Kwenye uchaguzi wa darubini tunapenda kukaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu wanapoteza mwaka mzima.

Chandra na XMM-Newton zote zilirushwa mwaka 1999, na bado ndizo tegemeo. Chandra ina macho makali: nusu sekunde ya tao, yaani inatenganisha vitu viwili vilivyoachana kwa sehemu moja ya 7,200 ya digrii. XMM hukusanya fotoni nyingi zaidi kwa saa moja, lakini nukta moja kwake husambaa na kuwa doa la sekunde 6 za tao au zaidi. Nebula changa nyingi zina upana wa sekunde 5 hadi 20. Kwa XMM, nyota na kiputo vitakuwa doa moja, na spektra yake, yaani mgawanyo wa fotoni kwa nishati, itakuwa mchanganyiko wa viwili. Jicho la Paka, NGC 6543, ni funzo zuri: Chandra ilipoitazama mwaka 2000 ilionyesha kiputo na, katikati yake, nukta iliyotengana nacho, yenye fotoni kali kuliko ambavyo nyota ile ingeweza kutoa kwa joto la uso wake. Kwenye darubini isiyo na macho makali nukta hiyo ingemezwa na kiputo, na mtu angepima joto la wastani ambalo halipo popote.

Kwa hiyo Chandra ndiyo jibu? Zamani, ndiyo bila kusita. Leo kuna tatizo. Tangu irushwe, tabaka la uchafu limekuwa likijengeka juu ya kichujio cha kamera yake ya ACIS, na tabaka hilo hufyonza eksirei laini, zile zile tunazozihitaji. Miaka inavyokwenda, uwezo wake chini ya keV 0.5 umepungua hadi kubaki sehemu ndogo sana ya ule wa mwanzo. Matokeo yake ni haya: data ya mwaka 2000 ya nebula laini ina thamani ambayo uchunguzi mpya wa muda mrefu zaidi hauwezi kuirudisha. Kabla ya kuomba muda, nenda kwenye hifadhi ya wazi. Data ya Chandra kwa kawaida hubaki kwa mwombaji kwa muda maalumu, kisha hufunguliwa kwa kila mtu. Anayeanza leo na kompyuta moja anaweza kufanya kazi ya kuchapishwa kwa data ya miaka 20 iliyopita.

Tabaka hilo limeleta kosa ambalo tumelikuta zaidi ya mara moja. Mtu analinganisha idadi ya fotoni kwa sekunde za mwaka 2000 na za miaka 15 baadaye, anaona zimepungua kwa nusu au zaidi, na anaandika kwamba nebula inafifia. Moyo unakuwa umeshashangilia, maana nebula inayofifia mbele ya macho yetu ni habari kubwa. Lakini kilichofifia ni kamera. Linganisha nguvu ya mwanga iliyopitishwa kwenye faili la mwitikio (linaloeleza uwezo wa kamera kwa kila nishati) la tarehe husika, kamwe usilinganishe fotoni kwa sekunde, na hakikisha CALDB yako, hifadhi ya faili za urekebishaji wa vifaa, ni ya karibuni, kwa sababu umbo la tabaka hilo husahihishwa humo mara kwa mara.

XMM basi, kwa nebula pana na laini, leo ni chaguo zuri. Zingatia kichujio chake. Kamera za silikoni huona mwanga wa kawaida pia, na nyota ya katikati inayong'aa inaweza kuzalisha fotoni bandia zilizorundikana chini kabisa ya spektra, mahali pale pale unapotarajia eksirei laini. Kichujio kinene huzuia hilo lakini hula fotoni za kweli. Pima ung'avu wa nyota kwanza, kisha chagua kichujio chembamba kuliko vyote ambacho mwongozo unakuruhusu.

Usiweke matumaini kwa XRISM iliyorushwa 2023. Spektromita yake ni ya ajabu, lakini mlango wa kinga mbele ya kigunduzi haukufunguka, na chini ya keV 1.7 hivi karibu hakuna kinachoifikia spektromita hiyo. Kiputo chetu chote kiko chini ya hapo.

Muda huombwa kwa kilosekunde. Kilosekunde 50 ni karibu saa 14. Tumia programu ya PIMMS kukadiria fotoni, kwa joto la keV 0.2 (kelvini milioni 2.3) na vumbi ulilolihesabu, na uchague mzunguko wa sasa wa darubini ili uchafu wa kamera uingie kwenye hesabu. Wapitiaji huuliza swali moja kwanza: fotoni hizo zitajibu nini? Ukiandika kwamba utapata fotoni 80 na kupima wingi wa elementi sita, ombi limeanguka. Andika kwamba fotoni 80 zitatenganisha kiputo na nyota na kutoa joto kwa usahihi wa robo, nao watakuelewa. Tarajia pia kwamba Chandra haitaitazama shabaha yako kwa mfululizo. Kwa sababu ya joto la chombo chenyewe, saa 14 hugawanywa vipande vitatu au zaidi kwa siku tofauti.

Data ikiisha kufika, njia ni hii. Shusha kwa `download_chandra_obsid` na namba ya uchunguzi. Endesha `chandra_repro` hata kama faili linadai limeshachakatwa. Kama uchunguzi ulifanywa kwa hali ya VFAINT, weka `check_vf_pha=yes`; hupunguza mandharinyuma vizuri kwa kitu hafifu kilichotanda. Chora mchoro wa mandharinyuma kwa muda na kata vipindi vya mlipuko kwa `deflare`. Kwa XMM hatua hii ni ya lazima kabisa, maana protoni laini hupita kwenye vioo na kuimeza data. Kiwango cha kuanzia ni kubakiza nyakati ambazo kamera ya pn ya XMM iko chini ya vidoti 0.4 kwa sekunde kati ya keV 10 na 12, na kamera zake za MOS chini ya 0.35 juu ya keV 10. Si ajabu kupoteza theluthi moja ya muda uliopewa. Inauma, hasa ukikumbuka ulivyousubiri, lakini kuziacha dakika hizo chafu ndani ni kujipa kiputo ambacho hakipo.

Vipande vya siku tofauti viunganishe kwa ajili ya picha tu. Kwa spektra, toa ya kila kipande peke yake pamoja na faili zake za mwitikio, kisha zipimwe kwa pamoja.

Picha ndiyo sehemu inayohitaji nidhamu kuliko zote. Vidoti 40 havipendezi, na kuna programu za kuvilainisha viwe wingu laini lenye rangi. Jaribu hivi: tengeneza kwa kompyuta diski tambarare, isiyo na umbo lolote ndani, itoe fotoni 40 kwa nasibu, kisha uilainishe kwa namna ile ile uliyolainisha nebula yako. Rudia mara 20, uzipange picha kando kwa kando. Utaona pete. Utaona mchirizi wa gesi ukichomoza upande mmoja, na ukizihesabu fotoni zake ni mbili. Utaona kiputo kilichopasuka. Zote zimetoka kwenye diski ile ile tambarare. Tangu tulipoanza kulifanya zoezi hilo kila mara, sentensi nyingi nzuri zimefutwa kwenye rasimu zetu, na tunashukuru zilifutwa na sisi kabla ya kufutwa na wengine.

Kuna pia hitilafu ya vioo vya Chandra inayojulikana tangu 2010 hivi: kila nukta inayong'aa ina kimkia kidogo umbali wa chini ya sekunde moja ya tao, chenye takriban asilimia 5 ya mwanga wake. Upande wake hutegemea jinsi chombo kilivyogeuka siku hiyo. Kwenye nebula ndogo, mkia huo unafanana kabisa na fundo la gesi karibu na nyota. Amri ya `make_psf_asymmetry_region` itakuchorea mahali ulipo. Ichore kabla hujalipa fundo lako jina.

Na kama utaweka ramani ya eksirei juu ya picha ya Hubble, usiamini viwianishi. Picha za zamani za Hubble zinaweza kukosea kwa sekunde nzima ya tao, na Chandra nayo ina kosa lake. Tafuta nyota mbili au tatu za pembeni zinazoonekana kote kuwili, zilinganishe na Gaia, ndipo usogeze picha. Kiputo cha upana wa sekunde 4, kama cha BD+30 3639, kikisogea kwa sekunde moja kinatoka kwenye ganda lake.

Sasa swali la nyota au kiputo. Nukta ya katikati inaweza kuwa na asili tatu au nne. Uso wa nyota yenyewe: nyota ya kelvini 100,000 hutoa fotoni za makumi ya elektronivolti, na ni ncha ya mkia wake tu inayofika keV 0.2, kwa hiyo ukiona fotoni zote ziko chini ya keV 0.3 hivi, ni uso. Mishtuko ndani ya upepo wa nyota yenyewe, ambayo kwa nyota za moto hutoa eksirei karibu sehemu moja ya milioni kumi ya mwangaza wote. Au mwenzi baridi aliyejificha, mwenye korona (tabaka la nje la gesi ya moto) yenye nguvu. Korona hizo hufika kelvini milioni 10 na huwa na milipuko, kama ilivyo kwenye mifumo ya nyota pacha ya DS 1 na HFG 1. Eksirei ya korona ya nyota ndogo haizidi takriban sehemu moja ya elfu ya mwangaza wake wote, basi kizuizi hicho kitumie kama kipimo. Halafu wapo wasiotosha kwenye kapu lolote. Nyota ya katikati ya Helix, NGC 7293, ilitoa fotoni za karibu keV 1 kwa miaka mingi bila mwenzi kuonekana, na mwaka 2025 wanaastronomia walipendekeza kwamba huenda inamwagikiwa na mabaki ya sayari iliyoiharibu. Ukipata nukta, chora mabadiliko yake kwa saa kabla ya kufanya lolote lingine.

Spektra, mwishowe. `specextract` kwa kawaida hukusanya fotoni 15 kwa kila fungu la nishati. Kwa fotoni 60 hiyo ina maana ya mafungu manne, na modeli ya kawaida ina vigezo vitatu: joto, gesi iliyo njiani, na ukubwa. Itapita kwenye nukta zote vizuri mno, na haitakuwa imekuambia kitu. Weka `grouptype=NONE`, kisha tumia takwimu ya C, inayofaa kwa fotoni chache, badala ya kai-mraba, angalau kila fungu likiwa na fotoni moja ili mandharinyuma tupu isipotoshe hesabu. Kwa nukta weka `weight=no` na `correctpsf=yes`; kwa kiputo kinyume chake.

Mtego mkubwa uko kwenye vumbi. Ukiliacha huru, programu hupenda kupata joto dogo lililofichwa nyuma ya gesi nyingi: tuseme keV 0.1 nyuma ya 8 × 10²¹. Spektra inayoonekana inafanana na keV 0.2 nyuma ya gesi chache, lakini ukisahihisha ufyonzaji, mwangaza halisi unapanda mara mamia. Mtu akikuonyesha nebula yenye eksirei kuliko zote zinazojulikana, angalia kwanza kama aliliacha vumbi huru. Sisi hulifunga kwenye thamani iliyotoka kwenye wekundu, kisha tunalisogeza kidogo juu na chini kuona joto linavyoitikia. Na angalia kizio: XSPEC, programu ya kulinganisha modeli na spektra, husoma gesi kwa 10²², kwa hiyo 1.7 × 10²¹ huandikwa 0.17.

Kemia nayo. Usiache elementi huru kwa fotoni 60. Kwa joto hili karibu mwanga wote ni mistari ya kaboni, oksijeni na neoni, hivyo kuongeza wingi wa elementi na kuongeza ukubwa wa modeli vinafanana, na programu haiwezi kuvitenganisha. Anza na wingi uliopimwa kwenye ganda kwa mwanga wa kawaida, kisha ujaribu wingi wa upepo wa nyota. Tofauti ya viwili hivyo ndiyo inayojibu swali la kuchanganyika. BD+30 3639, inayong'aa kwa eksirei kuliko nebula nyingine zote zenye kiputo, ndiyo iliyotuwezesha kupima hasa: spektra ya mistari iliyochapishwa 2009 ilionyesha kaboni na neoni kwa wingi mkubwa kulinganisha na oksijeni, kemia ya upepo wa nyota, si ya ganda. Kosa dogo lakini la kila siku: XSPEC huanza na jedwali la elementi la mwaka 1989. Chagua `wilm` au `aspl`, na uandike ulichochagua.

Mwisho wa vipimo, linganisha shinikizo. Kutoka kwenye ukubwa wa modeli pata msongamano wa elektroni, zidisha kwa joto, ukapime na shinikizo la ganda. Vinapaswa kukaribiana; vikitofautiana mara mia, umbali, ujazo au vumbi vimekosewa mahali.

Na nebula isiyotoa kitu? Usiiache kwenye diski. Kwenye duara la nusu kipenyo cha sekunde 2 mandharinyuma ya ACIS ni ndogo mno: ukitarajia fotoni 0.5 na ukapata 5, uwezekano wa bahati tu ni chini ya 2 kati ya 10,000. Na ukipata sifuri, kikomo cha juu kwa uhakika wa asilimia 95 ni fotoni 3. Kwa kilosekunde 30 hiyo ni fotoni moja kwa kila sekunde 10,000, na ukiigeuza kuwa mwangaza kwa joto la keV 0.2, vumbi na umbali ulivyoviandika wazi, umeshapata kipimo halali cha nebula hiyo, nacho huingia kwenye jedwali pamoja na zile zinazong'aa.